Kulikagua Gitaa Kavu la Bei Nafuu

Gitaa la bei nafuu halikosi wa kulibeza. Wa kulikagua ndio adimu. Nawasifu hao wachache. Ni ustadi hasa kulipokea gitaa usilolijua, kuligeuza, kulichungulia tunduni, kuligonga kwa kifundo cha kidole, na papo hapo kujua kama linastahili bei yake.

Ninayoyapenda zaidi ni ya Marekani ya miaka ya 1920 na 1930, pamoja na yale yanayoundwa leo kwa kuyaiga. Oscar Schmidt wa Jersey City alitoa magitaa ya jina la Stella. Harmony ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1892 na kununuliwa na kampuni ya maduka ya Sears mwaka 1916, iliuza ala kwa katalogi, zikawafikia hata wakulima wa mbali kwa posta. Uchumi ulipoanguka, kampuni ya Gibson nayo ikatoa magitaa ya bei ya chini na kuyapa jina la mji wake, Kalamazoo. Hizi zilikuwa ala za watu wa kipato kidogo, na bado mwimbaji Lead Belly alijijengea jina kwa Stella la nyuzi 12.

Nguvu ya ala hizi ilikuwa katika wepesi. Ubao wa uso ulikuwa mwembamba, na chini yake fito chache zimekingama kama vipawa vya ngazi. Muunda magitaa Martin, kwa upande wake, tangu miaka ya 1840 alizipishanisha fito zake mfano wa herufi X. Mpangilio wa ngazi ni rahisi kuunda, na sauti yake ni kavu, yenye makali, hutoka upesi na kunyamaza upesi. Wapo wanaouhesabu kuwa upungufu. Kwa anayepiga kwa vidole mimi nauona ni neema, kwa kuwa kila noti husikika peke yake na besi haimezi wimbo. Msikilize mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo nchini Kongo: gitaa kavu moja linabeba besi na wimbo kwa pamoja. Upigaji wa namna hiyo ndio mizani ninayopimia gitaa lolote dogo.

Macho yaanzie kwenye ukingo wa tundu la sauti, maana tangu zamani mbao hafifu zilichorwa michirizi ya rangi zionekane za thamani. Mistari ya mti ikishuka kutoka usoni hadi ndani ya unene wa ubao, huo ni ubao mzima, mara nyingi wa sprusi, mti wa jamii ya msonobari. Ukiona tabaka, ni plaiwudi. Ubao mzima huitikia mguso mwepesi kuliko plaiwudi. Hata hivyo plaiwudi isitukanwe. Katika unyevu wa Tanga au Mombasa ubao mzima huvimba, na ukipelekwa bara penye ukavu husinyaa hata ukapasuka; plaiwudi huvumilia. John Lennon, siku ya Julai 1957 alipokutana kwa mara ya kwanza na Paul McCartney, alikuwa akipiga Gallotone Champion lililoundwa Afrika Kusini, na lebo iliyokuwa ndani yake iliahidi kwamba halitapasuka.

Kinachokula pesa ni shingo. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70, mchana na usiku, kwa miaka. Polepole shingo huinamia mbele, nyuzi zikapanda juu, na vidole vikaumia. Laza rula iliyonyooka juu ya freti, ielekee darajani. Ncha yake ikifika usawa wa juu wa daraja, shingo ni nzima. Ikigota chini ya hapo, itabidi shingo ing'olewe na kupachikwa upya, kazi inayoweza kugharimu kuliko gitaa lenyewe. Kisha tazama mfupa unaobeba nyuzi darajani. Ukiwa umesagwa hadi karibu kuzama, jua kwamba mwenye gitaa ameshatumia dawa ya mwisho.

Kwa magitaa mapya ya mtindo wa kale ubaya huwa mwingine. Recording King, jina lililotumiwa na kampuni ya maduka ya Montgomery Ward miaka ya 1930, leo hubandikwa kwenye ala zinazoundwa China, nyingine zikiwa na uso wa ubao mzima. Hapo chunguza vanishi, kwani ikiwa nene huufunga ubao usitetemeke. Mifereji ya nyuzi kule kichwani ikiwa juu mno, isikutishe: fundi mwenye tupa ndogo huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi.

Mpigaji asiye na fedha nyingi achukue jipya lenye uso mzima na shingo iliyonyooka, aliache la kale linalosubiri kung'olewa shingo, hata likiwa na jina kubwa. La kale alinunue rula ikikubali, na sehemu ya fedha aiweke kando kwa ajili ya fundi. Nenda na rula na tochi, na kabla ya lolote mwambie muuzaji azikaze nyuzi hadi sauti yake halisi, kwa sababu gitaa lililolegezwa huficha kasoro zake zote za shingo.