Samsø na hesabu yake ya hewa ukaa

Samsø ni kisiwa cha Denmark chenye ukubwa wa kilomita za mraba 114, kilichokaa baharini kati ya rasi ya Jylland na kisiwa cha Sjælland. Watu wake ni takriban 4,000. Wengi wanaishi katika vijiji vidogo vilivyotawanyika, wakitegemea kilimo cha viazi, mboga na nafaka, mifugo, na watalii wa majira ya joto. Mwaka 1997 kisiwa hiki kilikuwa kikiendeshwa karibu chote kwa mafuta na makaa ya mawe: umeme ulikuja kutoka bara kwa kebo ya chini ya bahari, na nyumba nyingi zilipashwa joto kwa matanuri ya mafuta. Miaka kumi baadaye, umeme uliofuliwa hapo kwa upepo ulikuwa mwingi kuliko ule uliotumika, na takriban asilimia 70 ya joto la majumbani ilitoka kwenye mabua, kuni na jua. Mabadiliko hayo yalifuata mpango ulioandikwa, wenye hatua na wamiliki wanaojulikana, na ndiyo maana yanafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Mashindano na mpango

Mpango wa taifa wa nishati wa Denmark uliotolewa mwaka 1996 ulikusudia kuonyesha kwa vitendo kwamba jamii nzima inaweza kuendeshwa kwa nishati jadidifu. Mwaka uliofuata wizara ya mazingira na nishati, chini ya waziri Svend Auken, iliitisha mashindano ya visiwa na maeneo madogo ya pwani. Kila mshiriki alitakiwa kueleza namna ya kujitosheleza kwa nishati jadidifu ndani ya miaka kumi, kwa teknolojia iliyokwisha kupatikana sokoni. Samsø ilishinda. Ushindi huo haukuja na fungu la fedha za kujengea mitambo. Kisiwa kilipaswa kutumia sheria, ruzuku na mikopo ile ile iliyokuwa wazi kwa Wadenmark wengine.

Sharti la kutumia teknolojia iliyopo lilikuwa na faida kubwa. Liliondoa matumaini ya uvumbuzi ambao haujafika, likawalazimisha wapangaji kufanya hesabu kwa vifaa vyenye bei na uwezo unaojulikana. Matumizi ya nishati yaligawanywa katika mafungu matatu, yaani umeme, joto na usafiri, na kila fungu likawekewa njia yake. Mgawanyo huo ndio uti wa mgongo wa mpango mzima, kwa kuwa mafungu hayo matatu hayabadiliki kwa kasi moja wala kwa gharama moja.

Umeme

Umeme ulikuwa fungu rahisi kuliko yote. Kisiwa kina upepo wa kutosha, na viwanda vya Denmark vilikuwa vimekwisha kutengeneza mitambo ya upepo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2000 ilisimamishwa mitambo 11 nchi kavu, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 1.

Hesabu yake inaeleweka kwa urahisi. Mwaka una saa 8,760. Upepo hauvumi kwa nguvu ile ile kila saa, hivyo mtambo wa nchi kavu katika eneo zuri hutoa kwa wastani kama robo ya kile ambacho ungetoa kama ungefanya kazi kwa nguvu zote mwaka mzima. Mtambo mmoja wa megawati 1 basi hutoa takriban uniti (yaani kilowati-saa) milioni 2.2 kwa mwaka, na mitambo 11 hutoa takriban uniti milioni 24. Kiasi hicho kinakaribiana na matumizi ya umeme ya kisiwa kizima.

Kukaribiana huko ni kwa jumla ya mwaka. Saa kwa saa hali ni tofauti: siku ya upepo mkali kuna ziada, na usiku wa utulivu kuna upungufu. Kebo ya kwenda Jylland ndiyo inayosawazisha. Ziada inauzwa bara, na upepo unapokufa umeme unanunuliwa kutoka huko huko. Samsø haikujitenga na gridi ya taifa hata siku moja. Kisiwa kisicho na kebo ya namna hiyo kingelazimika kugharimia betri au jenereta za akiba, na hesabu yake ingekuwa nzito zaidi.

Joto

Katika nchi yenye baridi kali, joto la nyumba hula nishati nyingi kuliko umeme wa taa na vyombo. Jibu la Samsø lilikuwa mfumo wa joto la pamoja. Badala ya kila nyumba kuwa na tanuri lake la mafuta, kijiji kinakuwa na tanuri moja kubwa, na maji ya moto yanapelekwa nyumba kwa nyumba kwa mabomba yaliyofukiwa ardhini na kuvikwa tabaka nene la kuzuia joto lisipotee. Ndani ya nyumba, maji hayo hupita kwenye kifaa kinachohamishia joto lake kwenye maji ya humo ndani, kisha hurudi kituoni yakiwa yamepoa ili yapashwe upya.

Vituo viko vinne. Kile cha Tranebjerg, mji mkuu wa kisiwa, kilikuwapo kabla ya mpango na kinachoma mabua. Kituo kinachohudumia vijiji vya Nordby na Mårup kilianza mwaka 2002. Kina tanuri la vipande vya mbao pamoja na uwanja wa paneli za jua zenye eneo la takriban mita za mraba 2,500, ambazo kazi yake ni kupasha maji moja kwa moja. Kile cha Onsbjerg kilifuata, na mwaka 2005 kikaja kile cha Ballen na Brundby. Hivi viwili vya mwisho navyo vinatumia mabua.

Safari ya mabua inaonyesha jinsi sehemu za mpango zilivyoshikana. Mkulima akishavuna ngano, mabua yaliyobaki shambani hufungwa kuwa marobota makubwa, kila moja likiwa na uzito wa nusu tani au hata zaidi. Marobota hukaa ghalani hadi baridi inapoanza, kisha huletwa kituoni na kuwekwa kwenye ukanda unaoyasogeza polepole hadi kwenye tanuri. Kilo moja ya mabua makavu ina nishati ya takriban uniti 4, na lita moja ya mafuta ina takriban uniti 10. Kwa hiyo kilo mbili na nusu za mabua zinachukua nafasi ya lita moja ya mafuta, na lita hiyo isipochomwa huokoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Majivu hurudishwa shambani. Hewa ukaa inayotoka kwenye bomba la moshi ndiyo ile ile ambayo ngano iliivuta angani msimu uliotangulia, na kwa sababu hiyo haihesabiwi kuwa nyongeza mpya. Fedha zilizokuwa zikienda nje kununua mafuta sasa zinamlipa mkulima wa jirani.

Mtandao wa mabomba una faida pale tu nyumba zinapokaa karibu karibu. Kila mita ya bomba ina gharama na hupoteza joto kidogo, na kijiji chenye wateja wachache hakiwezi kulipa deni la ujenzi. Ndiyo maana wenye nyumba walishawishiwa kujiandikisha kabla ya ujenzi kuanza, kwa ada iliyo nafuu kuliko ya watakaochelewa. Nyumba zilizo mbali zilielekezwa kwenye suluhisho la pekee: matanuri ya punje za mbao zilizoshindiliwa, paneli za jua za kupasha maji, au pampu za joto.

Usafiri na mitambo ya baharini

Fungu la tatu lilikuwa gumu. Magari, matrekta na hasa feri zinazounganisha kisiwa na bara zilitumia dizeli na petroli, na mwaka 1997 soko halikuwa na chombo cha kuchukua nafasi zake kwa bei inayobebeka. Wapangaji walikubali ukweli huo mapema, wakachagua kufidia. Mitambo 10 ya upepo, kila mmoja wa megawati 2.3, ilijengwa baharini kusini mwa kisiwa. Kazi yake ilikuwa kuzalisha umeme safi wa kuuza bara, wa kiasi cha kulingana na uchafuzi wa vyombo vyote vya usafiri vya kisiwa.

Mitambo hiyo ilikamilika mwanzoni mwa mwaka 2003. Upepo wa baharini ni mkali na wa kudumu zaidi, na mitambo hii hutoa takriban uniti milioni 80 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya nchi kavu.

Umiliki na fedha

Hesabu za kitaalamu peke yake zisingesimamisha mtambo hata mmoja. Katika nchi nyingi mitambo ya upepo imekwamishwa na majirani wanaolalamikia kelele na mandhari kuharibika. Samsø ililishughulikia jambo hilo kwa umiliki. Kati ya mitambo 11 ya nchi kavu, 9 ilinunuliwa na wakulima na 2 ikawa ya ushirika, ambamo mkazi yeyote angeweza kununua hisa chache kadiri ya mfuko wake. Baharini, mitambo 5 ni ya manispaa, na mingine inamilikiwa na wawekezaji binafsi na vyama vya wanahisa. Kituo cha joto cha Ballen na Brundby ni mali ya wateja wake wenyewe.

Benki zilikopesha kwa sababu sheria ya Denmark ilidhamini bei ya umeme wa upepo kwa miaka kumi. Mkulima alijua kabla ya kutia saini kwamba uniti yake itanunuliwa na kwa bei gani, hivyo aliweza kupanga marejesho ya mkopo. Bila udhamini huo, mzigo wa bei kupanda na kushuka ungewaangukia watu wasio na uwezo wa kuubeba.

Kazi ya kuwaleta watu pamoja ilisimamiwa na Søren Hermansen, mzaliwa wa kisiwa, mtoto wa mkulima na mwalimu wa zamani, aliyekuwa mwajiriwa wa kwanza wa mradi. Mikutano ya vijijini ilirudiwa tena na tena, na mafundi bomba na wahunzi wa hapo hapo waliingizwa mapema, kwa sababu wao ndio wangepata kazi ya kufunga na kutengeneza mifumo mipya. Hili lilikuwa na uzito wa pekee kwa kisiwa ambacho miaka hiyo kilipoteza machinjio yaliyokuwa yakiajiri watu wengi. Aliyekuja mkutanoni kutafuta riziki na aliyekuja kwa kujali mazingira waliweza kupigia kura jambo moja.

Namna ya kusoma matokeo

Kwa hesabu rasmi ya kisiwa, utoaji wa hewa ukaa kwa kila mkazi ulishuka hadi chini ya sifuri: umeme safi uliouzwa bara unaokoa hewa ukaa nyingi kuliko ile ambayo kisiwa bado kinatoa. Matokeo hayo ni ya kweli na yanastahili heshima. Yanahitaji hata hivyo kusomwa pamoja na mipaka yake mitatu.

Mpaka wa kwanza ni wa aina ya gesi. Mpango ulikuwa wa nishati, hivyo ulihesabu hewa ukaa inayotokana na kuchoma mafuta na makaa. Methani ya ng'ombe na gesi zinazotoka kwenye mbolea za mashambani hazikuwamo, ingawa Samsø ni kisiwa cha wakulima.

Mpaka wa pili ni thamani ya fidia. Katikati ya miaka ya 1990 makaa ya mawe yalikuwa yakifua zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark. Uniti moja ya umeme wa makaa hutoa takriban gramu 900 za hewa ukaa, kwa hiyo uniti tatu za upepo zilizochukua nafasi yake zilitosha kufidia lita moja ya dizeli. Leo upepo na jua vinafua zaidi ya nusu ya umeme wa nchi hiyo. Gridi ikishuka hadi gramu 150 kwa uniti, lita ile ile ya dizeli itahitaji uniti 18. Kadiri taifa linavyosafisha umeme wake, ndivyo fidia ya aina hii inavyopungua nguvu. Lita ambayo haikuchomwa haina tatizo hilo. Uokoaji wake unabaki ule ule mwaka wowote.

Mpaka wa tatu ni matumizi. Mpango ulitarajia watu watumie nishati kidogo zaidi, lakini matumizi hayakushuka kama ilivyokusudiwa. Nishati ilibadilika chanzo kuliko ilivyopungua kiasi.

Awamu ya pili

Mipaka hiyo ndiyo iliyozaa malengo mapya. Kisiwa kimejiwekea shabaha ya kuacha kabisa mafuta na makaa ifikapo mwaka 2030, safari hii kwa kupunguza uchafuzi pale pale unapotokea. Manispaa imeanza kutumia magari ya umeme. Mwaka 2015 ilianza safari feri ya manispaa, Prinsesse Isabella, inayotumia gesi asilia iliyopozwa sana hadi kuwa kimiminika. Gesi hiyo bado inatoka ardhini na bado hutoa hewa ukaa, ila injini inaweza kupokea gesi ya samadi na mabaki ya mazao bila kubadilishwa, na lengo lilikuwa kuzalisha gesi hiyo ya samadi na mabaki kisiwani.

Kituo cha elimu ya nishati kilichofunguliwa Ballen mwaka 2007 kinapokea wageni kutoka nchi nyingi wanaokuja kujifunza mpango huu. Mabua, upepo na kebo ya bahari ni mambo ya Samsø, na si kila mji unavyo. Kinachoweza kuhamishwa ni utaratibu wake: kupima matumizi kwa mafungu, kuanza na fungu lenye teknolojia tayari, kumpa kila mtambo mmiliki anayeishi karibu nao, kuhakikisha bei kabla ya kukopa, na kutenganisha kwenye vitabu vya hesabu uchafuzi uliopunguzwa na ule uliofidiwa tu.