Na Aliyeuguza, Je?

Utenzi wa Mwana Kupona nilifundishwa shuleni kama kitabu cha adabu za mke. Tukachambua maudhui, tukapanga hoja: dini, heshima, mume, usafi. Nikajibu mtihani, nikapasi, nikausahau. Wala si darasa letu tu. Alice Werner na William Hichens walipouchapa mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, jina la kitabu lilitaja wajibu wa mke.

Mwaka jana niliusoma tena, mikono yangu ikiwa haina kazi. Kwa miaka miwili nilimuuguza mama yangu aliyepigwa na kiharusi. Kumlisha uji kwa kijiko, kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kufua mashuka kabla jua halijapanda. Alipofariki watu walijaa, matanga yakaanuliwa, arobaini ikasomwa, kila mtu akarudi kwake. Mimi saa nane za usiku niliendelea kuamka nikamgeuze. Napapasa godoro, hakuna mtu. Basi nakaa hapo mpaka adhana ya alfajiri. Washkaji wakaniambia, "Shukuru bwana, sasa umepumzika." Sikupumzika. Chakula hakikuwa na ladha, na mswala nilikuwa nautandika halafu nashindwa hata kunyanyua mikono.

Katika hali hiyo ndipo nilipouona utenzi kwa macho mengine. Jamani, hiki ni chumba cha mgonjwa! Mwaka 1858 mama ambaye maradhi yamemshika mwaka mzima anamwita bintiye, Mwana Hashima, asogee na wino na karatasi. Mumewe ameshatangulia, anasimulia walivyoishi kwa furaha hata faradhi ilipokuja, akamwachia radhi. Kumbe anayeusia ni mfiwa, na anayeusiwa anakaribia kufiwa. Nani alikuwa akimpa maji huyo mama usiku? Utenzi hausemi, nami sitausemea.

Darasani dua ya mwisho tuliiruka, eti ni desturi tu ya tenzi. Mimi dua hiyo ndiyo iliyonishika mkono. Mama huyu hajifanyi jabali. Anaomba apone, anawaombea wanawe na jamaa zake, anamng'ang'ania Mola kama mtoto aliyeshika upindo wa kanga ya mama yake. Ikanikumbusha Nabii Yaakub katika Sura Yusuf: msemaji wa subira njema ndiye huyohuyo aliyelia mpaka macho yakawa meupe, na huzuni yake akampelekea Mungu. Nilikuwa nimedhani kusononeka ni upungufu wa imani. Nikaanza upya: rakaa mbili, bila maneno mazuri, namwambia Mungu nimechoka. Siku nyingine niliweza hilo tu. Baadaye nilimwona daktari pia, akanieleza kuwa sonona ni ugonjwa na una tiba. Sikuona dawa ikigombana na dua.

Sasa nirudi kwetu sisi chipukizi. Hadithi zetu za misiba, na zangu zimo, zina tabia moja. Mgonjwa anakata roho, mzee mmoja anasema kazi ya Mungu haina makosa, hadithi inaisha. Sina ugomvi na maneno ya mzee. Nagombana na sisi tunaoyatumia kama komeo la mlango, ili tusiingie chumbani kumwona aliyebaki. Mhusika anayeamini tunampa machozi ya aya moja, halafu anafarijika. Hivi nani kati yetu alifarijika kwa aya moja?

Utenzi huu nao una kimya chake: binti anasikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, hatumsikii akisema lolote la kwake. Simlaumu Mwana Kupona. Alikuwa mgonjwa, na kazi yake aliimaliza. Iliyobaki ni yetu. Mwandishi mwenzangu, ukileta hadithi ya msiba, tuandikie siku ya arobaini na moja. Godoro limeanikwa juani, dawa zilizobaki ziko dirishani, na mtu aliyezoea kuitwa kila saa haitwi na yeyote. Mwache asali hapo, hata kama sala yenyewe haimtoki vizuri.