Dobi na Doa la Manjano

Dobi anayeijua kazi yake haanzi na maji. Akipokea kanzu ya hariri au gauni la shifoni lenye doa, huligeuza upande wa ndani, akalitazama penye mwanga, akalinusa, kisha akauliza: "Mama, hii ni biriani au ni majani?" Wengine huona anapoteza muda. Mimi naona hapo ndipo ufundi ulipo, maana kinachotoa doa la mmea huu hulikoza la mmea ule.

Chukua kanzu iliyosaliwa Idi uwanjani, ikarudi kijani magotini. Rangi ya majani mabichi haiyeyuki kwa maji, ila huyeyuka kwa spiriti. Dobi hujaribu kwanza tone moja kwenye pindo la ndani, aone kama rangi ya nguo yenyewe inachuja. Ikistahimili, hutandika kitambaa cheupe chini ya doa, akachovya pamba katika spiriti na kugusagusa kwa nyuma, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Kijani huhamia kwenye kitambaa cha chini. Naye hukisogeza kila mara ili doa likutane na mahali safi. Hasugui. Hariri ikilowa nyuzi zake hudhoofika, na ukiisugua huota manyoya ambayo hayaondoki tena.

Zambarau na utomvu wa ndizi vinataka haraka tu. Utomvu mbichi hauna rangi. Ni hewa inayougeuza kahawia, basi ukiwahiwa na maji baridi dobi hana kazi kubwa.

Manjano ya biriani ndiyo mtihani. Sabuni ya mche ina magadi, na manjano yakikutana nayo hugeuka mekundu hapo hapo, kama damu. Wengi hushtuka wakakimbilia jiki. Kwa shuka la pamba jeupe, sawa. Lakini hariri ni protini kama nywele, na klorini ya jiki huifanya njano, kisha huila kabisa. Dobi mtulivu husuuza sabuni yote, akatia matone ya siki katika maji, na wekundu hurudi kuwa unjano. Halafu ndipo spiriti hutumika, taratibu, pamba baada ya pamba.

Unjano unaobaki humalizwa na jua, kwa kuwa rangi ya manjano haivumilii mwanga. Lakini hariri nayo haipendi jua kali. Hapa napenda sana kuitazama mikono yake: huifunika nguo nzima kwa kanga, akaacha wazi pale penye doa tu, huku kitambaa kikiwa bado na unyevunyevu. Kila baada ya muda hufunua, akakagua, akafunika tena. Doa hufifia mbele ya macho, na yeye hujua wakati wa kuiondoa nguo kabla jua halijaanza kuila hariri yenyewe. Ujuzi huo haukuandikwa kwenye chupa ya dawa yoyote.

Hina humshinda. Rangi yake hushikana na protini, ndiyo sababu hukaa mikononi mwa bibi harusi, na hariri huishika vivyo hivyo. Dobi mwaminifu hapokei pesa kwa doa la hina lililokwisha kukauka. Huirudisha nguo na kumshauri mwenyewe aende kwa fundi cherehani, atariziwe ua juu ya doa.