Keki ya Biskuti Kati ya Kitale na Bungoma

Keki isiyookwa haipewi heshima yake. Mtu akiambiwa kwamba kipande alichoshika hakikuingia ovenini, husema, "Kumbe ni rahisi hivyo!" kana kwamba kazi inayoelezeka kwa maneno machache haina fundi na mwanagenzi. Nataka kuitetea keki hii ya biskuti na kakao, ile inayoshindiliwa kwenye trei, ikaachwa igande, kisha ikakatwa vipande vya mraba vya kuwatosha watoto wa boma zima pamoja na wa jirani. Nimeila Kitale, nimeila Bungoma, na kwangu mimi hakuna kitamu kingine cha familia kinacholifaa jiko la kawaida la magharibi mwa Kenya kuliko hiki.

Oveni ni kitu cha nyumba chache. Wengi wanaooka huku huoka kwa sufuria: mchanga chini, makaa juu ya kifuniko, na mtu wa kuulinda moto muda wote. Ni ufundi ninaouheshimu sana, lakini unakula makaa, na makaa si ya kuchezea siku hizi. Keki ya biskuti inataka moto wa dakika chache tu, hata ule wa mtungi mdogo wa gesi. Baada ya hapo kazi yote ni ya mikono, macho na subira.

Vitu vyenyewe havina maajabu. Kwa trei moja ya wastani mimi hutumia biskuti za chai gramu 400, majarini gramu 150, sukari gramu 150, maziwa mililita 100, vijiko vinne vya kula vya kakao, njugu karanga zilizokaangwa kikombe kimoja, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi isiachwe. Bila chumvi utamu unakuwa wa upande mmoja, unachosha ulimi kabla kipande cha pili hakijafika mdomoni.

Ukivitazama vitu hivyo vikiwa vimepangwa mezani, nusu yake ni vya nyumbani. Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, inasifiwa kwa mahindi, lakini ng'ombe wa maziwa wako karibu kila shamba, na maziwa ya Kitale yakichemshwa asubuhi huacha utandu mzito juu. Njugu nzuri utazipata katika soko la Chwele, upande wa Bungoma, zikiwa zimepimwa kwa kikombe na kurundikwa mpaka zinamwagika. Sukari nayo ni mwenyeji: Kampuni ya Sukari ya Nzoia iliasisiwa mwaka 1975, na tangu hapo miwa ya Bukembe na vijiji jirani imesomesha watoto wengi na pia imewavunja moyo wazazi wengi. Biskuti hutoka Nairobi. Madatally Manji, ambaye jina la kampuni yake, House of Manji, utalikuta kwenye pakiti, alieleza maisha yake katika kitabu Memoirs of a Biscuit Baron kilichotoka mwaka 1995. Nawashauri wanaopenda historia ya chakula chetu wakisome, kwa sababu biskuti ya chai tunaichukulia kama kitu kilichokuwepo tangu zamani za mababu, ilhali kuna watu walioifikisha kwenye kila duka la kijijini kwa jasho lao.

Mgeni wa kweli ni kakao. Yenyewe inalimwa si mbali sana: Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori nchini Uganda, na Kyela katika mkoa wa Mbeya, Tanzania. Lakini sehemu kubwa ya kakao ya dunia inatoka Ivory Coast na Ghana, na huko magonjwa na hali mbaya ya hewa yalipunguza mavuno mpaka bei ikapita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024. Mama aliyenunua kopo dogo Kitale aliziona habari hizo kwenye risiti. Ndiyo maana wengine hukimbilia ile chokoleti ya kunywa ya unga. Inafaa kwa kikombe cha usiku, lakini sehemu yake kubwa ni sukari. Ukiitumia kwenye keki utapata utamu bila kina. Afadhali vijiko vitatu vya kakao halisi kuliko vinane vya ile nyingine.

Sasa ufundi wenyewe, na unaanzia kwenye kuvunja biskuti. Hapa ndipo mikono mingi huharibu. Mtu hutia biskuti kwenye mfuko, akachukua mpini wa mwiko, akapondaponda mpaka zikawa vumbi. Senge yangu wa Bungoma, dada ya baba, hakubali hata kidogo. "Mwanangu, usisage," huniambia. "Ukisaga, tutakula ugali wa kakao." Yeye huivunja kila biskuti kwa vidole, mara mbili, kisha analitikisa bakuli. Vipande vikubwa hupanda juu, vidogo na chenga hushuka chini, naye huangalia. Anataka vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba viwe vingi, na chenga ziwe za kujaza nafasi katikati yake tu. Vikubwa vikizidi, keki itakatika ovyo chini ya kisu. Chenga zikizidi, zitanyonya rojo lote na kukuachia kitu kigumu kisicho na mlio. Keki hii inaliwa pia kwa sikio. Meno lazima yakutane na kitu kinachovunjika.

Rojo halitaki haraka. Maziwa na sukari hutangulia sufuriani kwa moto mdogo, ukikoroga mpaka sukari iyeyuke kabisa. Chukua tone kwenye kijiko, liache lipoe, ulisugue kati ya vidole. Ukisikia chembe, bado. Kisha kakao, iliyochekechwa, maana donge la kakao likishaingia kwenye majimaji ya moto halitoki tena kwa hiari. Rojo likishakuwa zito na kung'aa, ondoa sufuria motoni ndipo utie majarini, ukikoroga polepole. Hatua hii ya kuondoa kwanza ndiyo inayomtofautisha anayejua. Majarini ikiendelea kuchemka, mafuta hujitenga na kuelea juu. Yakijitenga, usimwage kitu: ongeza kijiko kimoja cha maziwa ya uvuguvugu, ukoroge kwa nguvu, na mara nyingi yatarudiana.

Halafu ungoje. Rojo la moto likimwagiwa biskuti huzilainisha pale pale. Gusisha upande wa nje wa sufuria kwenye kiganja, na kama kiganja kinavumilia bila shida, changanya. Njugu ziingie na biskuti, zikiwa zimemenywa ganda jekundu na kukatwa mara moja tu. Mimina kwenye trei iliyotandikwa karatasi, ushindilie kwa kitako cha glasi kuanzia pembeni kwenda katikati. Pembe ndizo husahaulika, na pembe iliyosahaulika humomonyoka siku ya kukata.

Baada ya hapo keki inaikabidhi kazi kwa hewa, na hapa Kitale na Bungoma zinaachana. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa sweta. Funika trei kwa kitambaa safi, iache juu ya meza karibu na dirisha, na asubuhi utaikuta imeshikana bila friji. Panda matatu ushuke kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, ukate kuelekea Bungoma, na utakuwa umeshuka kama mita 500. Joto la mchana la Bungoma ni jingine kabisa. Trei ile ile ukiiacha mezani saa nane itaendelea kulegea, na watoto wataila kwa kijiko.

Sababu iko kwenye mafuta. Siagi ya kakao iliyomo ndani ya chokoleti ya kipande huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wetu, ndiyo maana hubaki ngumu mkononi kwa muda lakini ulimini hutoweka. Kakao ya unga imekamuliwa sehemu kubwa ya siagi hiyo, kwa hiyo kinachoigandisha keki yetu ni majarini, nayo hushika kwa ulaini zaidi. Mpishi wa Bungoma anayejua hupunguza maziwa kidogo, hufanya kazi jioni sana au alfajiri, na kama stima imekatika huiweka trei ndani ya karai pana la maji baridi, kwenye sakafu ya saruji, mahali jua halifiki. Mwenye uwezo huongeza kipande cha chokoleti halisi kwenye rojo ili lishike vizuri zaidi. Hakuna kitabu cha mapishi cha Ulaya kitakachokueleza hayo. Ni elimu ya mahali, imepatikana kwa kuishi kwenye mteremko wa Mlima Elgon na kwenye tambarare iliyo chini yake.

Wapo watakaosema ni kitu cha kizungu. Ndugu zake wako wengi, hilo kweli: Waturuki wanayo yao, Waitaliano huiviringisha mfano wa soseji, Wajerumani huipanga tabaka kwa tabaka. Prince William, aliyemposa Kate Middleton hapa hapa Kenya mwaka 2010, aliomba keki ya biskuti na chokoleti kwenye harusi yake ya Aprili 2011, kando ya keki kubwa ya maua. Lakini wazo la kuchanganya, kumimina kwenye sinia na kukata si geni kwa Mswahili. Kashata za njugu au nazi hufanywa hivyo tangu zamani Lamu, Mombasa na Unguja. Tofauti ni moja, na inafaa kuijua. Kashata hushikwa na sukari, kwa hiyo ni lazima uikate ingali na joto, la sivyo itapasuka. Keki ya biskuti hushikwa na mafuta, kwa hiyo ni lazima uingoje ipoe kabisa, kisha uikate kwa kisu kilichochovywa kwenye maji ya moto na kufutwa kila baada ya mkato.

Ninachokipenda zaidi katika kazi hii ni nafasi inayowapa watoto. Jikoni kwetu mtoto hufukuzwa kwa sababu nzuri: moto, mafuta, sufuria za chai. Hapa anaweza kukabidhiwa bakuli la biskuti na kuambiwa avunje, na akaonyeshwa ukubwa unaotakiwa, na akajifunza kusimama kabla hajasaga. Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mabasi yakiwaleta jamaa wa Nairobi na Mombasa, binamu wasiofahamiana vizuri huketi kuzunguka bakuli moja, na nusu saa haiishi kabla hawajaanza kubishana kama njugu ziongezwe. Anayemenya njugu hula nyingine, na hilo liruhusiwe. Mkubwa ashughulikie sufuria peke yake.

Kwa hiyo ukipata pakiti mbili za biskuti wikendi hii, usisubiri oveni wala mgeni wa heshima. Fanya usiku kama uko Kitale, alfajiri kama uko Bungoma, na usikubali mtu yeyote akate kabla haijashika.