Programu Isiyobeba Sauti

Kurekodi kwaya Mlali kuna maadui wawili: bati na malori. Mvua ya Uluguru ikianza kupiga paa, hata besi wenye vifua vipana humezwa. Na barabara ya Mgeta haipumziki, maana kabichi na karoti lazima ziteremke mjini, na kila dereva hubadili gia pale anapopenda yeye. Fundi ninayemkusudia hapa, ambaye hutoka Morogoro mjini na miksa yake kwenye buti la gari, hana dawa ya mvua wala ya gia. Awezalo ni kuipa kila maiki traki yake, ili lori likinguruma kwenye maiki ya sauti ya nne, kinanda kilichochomekwa moja kwa moja kibaki safi.

Miksa yenyewe ni Behringer X32, aina iliyoingia sokoni mwaka 2012. Ndani yake kuna kadi iitwayo X-Live, ambayo hurekodi traki 32 kwa mpigo kwenye memori kadi mbili. Haihitaji kompyuta. Hata hivyo, fundi wetu hafungui kazi kabla hajaweka laptopu pembeni, na mwalimu wa kwaya asiye na subira huuliza, “Fundi, tuanze?”

“Bado kidogo, mwalimu. Hawa bado hawana majina.”

“Hawa” ni traki. Ukiiacha miksa peke yake, itazijua kwa namba tu, na wiki mbili baadaye hakuna atakayekumbuka kama ya saba ilikuwa kayamba au mwimbishaji. Kwa hiyo fundi anaandika majina kwenye faili dogo la maandishi, na programu yake inayapeleka kwenye miksa yote kwa pamoja. Jina halipaswi kuzidi herufi 12. “Sauti ya pili”, ukihesabu na nafasi, ni 13, ndiyo maana kwake alto wote wanaitwa “Sauti ya 2”. Kero ndogo, lakini ameikubali kama mtu anavyokubali mlango mfupi wa nyumba anayoipenda.

Mtu anayetazama kutoka kwenye benchi angedhani sauti inapita kwenye hiyo laptopu. Haipiti. Kinachopita ni amri tupu, na hapo ndipo penye ustadi ninaotaka kuusifu.

Hebu tupige hesabu. Sampuli 48,000 kwa sekunde, mara traki 32, mara baiti nne: kadi inaandika zaidi ya megabaiti sita kila sekunde. Sasa itazame amri ya kuipa traki ya saba jina. Ni anwani, /ch/07/config/name, ikifuatiwa na jina lenyewe. Jumla ni kama baiti 36. Lugha hii inaitwa OSC, ilibuniwa na Matt Wright na Adrian Freed kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1990, na uzuri wake ni kwamba hata mtu asiye mtaalamu anaweza kuisoma kwa macho: chaneli, ya ngapi, kitu gani chake, kiwe nini. Kabla yake kulikuwa na lugha ya 1992, iliyowekwa ili vyombo vya MIDI viweze kuamrisha mitambo ya kurekodi. Hiyo ilikuwa bahili zaidi. Amri ya “cheza” ilikuwa na baiti sita tu: ya tatu ilitaja mtambo unaoitwa, ya tano ndiyo yenye agizo, ya mwisho ikafunga.

Programu inayotawala bila kubeba ina faida ambayo Mlali inaonekana upesi. Miksa ya X32 haimwamini sana anayeisikiliza kwa mbali: ukitaka ikupe habari za kila kinachobadilika, lazima uombe upya kila baada ya sekunde 10, la sivyo inanyamaza. Laptopu ikiisha chaji katikati ya wimbo, miksa huacha kuongea nayo lakini huendelea kurekodi. Umeme wenyewe ukikatika, kadi ya X-Live ina nafasi ya kuweka betri ndogo, ambayo kazi yake ni kuipa muda wa kufunga faili vizuri kabla ya kuzima. Fundi huyu hakosi betri hiyo. Nimewaona wengine wakiidharau; nawatakia TANESCO njema.

Lakini nani aliyejua amri zote hizi? Kampuni ilitoa programu yake ya kuongozea miksa, X32-Edit, nayo inatosha kwa wengi. Waliotaka zaidi wanamshukuru Patrick-Gilles Maillot, aliyekusanya amri za miksa hii moja baada ya nyingine katika kitabu kirefu chenye jina la unyenyekevu, kinachojitangaza kuwa si rasmi, kisha akaandika kwa lugha ya C rundo la programu ndogo na kuzitoa bure. Kila programu inafanya jambo moja. Hakuna madoido, wala rangi za kuvutia. Mtu amekaa na mtambo wa watu wengine hadi akauelewa.

Subira hiyo inahitajika zaidi baada ya kwaya kwenda nyumbani. Kadi haihifadhi traki 32 katika mafaili 32. Inazisokota zote katika faili moja: sampuli moja ya traki ya kwanza, moja ya pili, mpaka ya 32, kisha inaanza tena, mara 48,000 kwa sekunde. Isitoshe, faili la WAV linaandika ukubwa wake kwa namba ya biti 32, ambayo haivuki gigabaiti nne. Kwa traki zote 32, gigabaiti nne zinajaa kwa dakika kumi na moja na ushee. Hapo faili linakatwa na jingine linaanza, hata kama mwimbaji yuko katikati ya neno. Majina ya mafaili ni tarakimu tupu, na folda lao lina jina la herufi na namba ambazo ni tarehe na saa zilizofumbwa.

Programu ya kutenganisha huingia hapo. Inafumbua tarehe, inasoma sampuli safu kwa safu, inampa kila mmoja chake, na ikifika ukingoni mwa faili la kwanza inavuka bila kupoteza hata sampuli moja. Ikipoteza moja tu, kila traki inayofuata itahamia kwa jirani yake: kayamba itaitwa besi, besi ataitwa kinanda. Ukiitazama ikifanya kazi huoni chochote zaidi ya asilimia zinazopanda.

Morogoro ina haki ya kuthamini jambo hili la kutenganisha sauti. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ikipiga pamoja, na uwiano wa gitaa na sauti ukaamuliwa palepale. Mbaraka alifariki 1979, na kanda zile bado zinatikisa. Ila besi iliyozama siku ile imezama na wenzake, huwezi kuinyanyua peke yake. Kwaya ya Mlali inarudi nyumbani na uamuzi ukiwa bado wazi. Mwalimu anaweza kusema sauti ya tatu ipunguzwe, na ikapunguzwa, lori likiwemo.

Mafaili yakishatengana, fundi havutiwi na mwanzo wa wimbo. Anaruka hadi dakika ya kumi na moja, anatafuta pale faili moja lilipokutana na jingine, anavaa hedifoni na kusikiliza kiungo hicho kwenye traki ya kwanza, ya pili, ya tatu, akishuka mpaka ya mwisho. Halafu anakwenda kwenye kiungo kinachofuata.