Kuruhusiwa: Lugha katika Riwaya Moja ya Vijana

Wako wenzetu wanaoshikilia kwamba riwaya za kisayansi wanazoandikiwa vijana wa Ulaya na Marekani hazistahili nafasi katika jarida kama hili. Hoja zao ni mbili. Kwanza, kwamba hivyo ni vitabu vya watoto, na fasihi ya watoto ni kazi ya walimu wa shule za msingi. Pili, kwamba jamii mbovu zinazobuniwa humo, zenye kuta na vipaza sauti na chakula cha kugawiwa, ni jinamizi la watu walioshiba. Hoja ya kwanza sitaijibu, maana anayeitoa hajapata kukaa na kijana wa miaka kumi na minne akamsikiliza anavyokisimulia kitabu alichokipenda. Ya pili ina uzito kidogo, nami niliwahi kuiamini. Lakini hebu tuitazame The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008). Humo mtoto wa maskini huandikisha jina lake mara nyingi zaidi katika bahati nasibu ya kifo ili nyumba yao ipate nafaka na mafuta. Wazazi wetu waliopanga foleni kupata unga wa mahindi ya manjano mwaka wa 1984 hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo, wala hawawezi kuambiwa kwamba ni ndoto ya walioshiba.

Hata hivyo si kitabu hicho nitakachokijadili. Collins anajua kukimbiza hadithi, lakini lugha yake haina siri. Kitabu kilichonigeuza ni The Giver cha Lois Lowry, kilichotoka mwaka wa 1993 na kupata nishani ya Newbery mwaka uliofuata. Nilikisoma kwa usiku mmoja nikiwa masomoni ng'ambo, katika chumba chenye baridi, siku ambazo nilipaswa kuwa nasoma fonolojia. Sikusudii kukisifu tu, kwani kina kasoro zake nami nitazitaja. Nakusudia kuuliza swali linalotuhusu sisi watu wa lugha: mtawala anayetaka kuwapokonya watu kumbukumbu huanza na maneno gani, na maneno hayo yangekuwaje yakitiwa katika Kiswahili?

Kwa msomaji ambaye hajakutana nacho, kisa ni hiki. Jonas ni mvulana anayekaribia kutimiza miaka kumi na miwili katika jamii isiyo na vita, njaa wala ugomvi. Kila familia ina baba, mama, mvulana mmoja na msichana mmoja, wote wamepangiwa. Hakuna vilima, hakuna mvua isiyotarajiwa, hakuna rangi. Mtoto afikapo miaka kumi na miwili hutangaziwa kazi yake ya maisha mbele ya umma. Jonas anatangaziwa kazi ya ajabu: atakuwa Mpokezi wa Kumbukumbu. Mzee mmoja, peke yake katika jamii nzima, ndiye aliyebeba kumbukumbu za ulimwengu wa kale, nazo zitahamishiwa kwa kijana huyu kwa kuwekewa mikono mgongoni. Kumbukumbu ya kwanza ni ya theluji na kigari cha kuteleza kilimani. Baadaye zinakuja vita, njaa na kifo.

Mhakiki anayetafuta sayansi humu atatoka mikono mitupu. Kumbukumbu inapitaje kwenye ngozi ya mgongo? Na kwa nini, Mpokezi akitoroka, kumbukumbu zote zinawarudia watu aliowaacha nyuma, kama ndege warudio viotani? Lowry haelezi. Mimi naiona hii kuwa kasoro ya kweli, wala sitaki kuifunika kwa kusema kwamba ni sitiari. Mwandishi anayejenga ulimwengu wake kwa kanuni kali hana budi kuzitii, na hapa kanuni imeletwa kwa sababu hadithi iliihitaji. Nguvu ya kitabu iko kwingine, yaani katika usemaji wa watu wake.

Jamii ya Jonas inasisitiza usahihi wa lugha kuliko jambo lolote jingine. Mtoto akisema anakufa njaa hukanywa, kwa kuwa ana njaa tu, na hakuna mtu atakayeachwa afe kwa njaa. Rafiki yake Jonas, Asher, alipokuwa na miaka mitatu alikosea neno moja tu alipoomba chakula chake cha asubuhi. Kwa Kiingereza neno alilolitamka ndilo hasa neno la kuchapa kibao, basi akachapwa fimbo kila alipolirudia, mpaka mtoto akanyamaza kabisa kwa muda. Kipande hiki kinasimuliwa kama kichekesho, na wasikilizaji ndani ya hadithi wanacheka. Sisi tuliosomeshwa katika shule ambako aliyeponyokwa na neno la lugha ya mama alivishwa kibao shingoni hatucheki sana.

Baadaye Jonas, akiwa amekwisha kuonjeshwa kumbukumbu ya familia yenye upendo, anawauliza wazazi wake kama wanampenda. Wanacheka. Wanamwambia neno hilo ni pana mno, limekaribia kufa, na kwamba angeuliza kama wanafurahia kuwa naye au kama wanajivunia mafanikio yake. Hapa Kiswahili kinaleta jambo ambalo mwandishi hakulitarajia. Neno letu ‘penda’ ni pana kuliko la Kiingereza: twapenda wali, twapenda mchezo wa kandanda, twampenda mama, na kitenzi ni kile kile. Kwa hivyo katika Kiswahili wazazi wale wangekuwa na hoja. Msomaji wetu angekubaliana nao kwa nukta moja, kisha akashtuka kwamba amekubaliana nao. Naamini tafsiri hapo ingekuwa kali kuliko asili.

Suala la rangi lina utamu wake. Jamii hii imefuta rangi, na Jonas anaanza kuziona kidogo kidogo: tofaa linabadilika hewani walipokuwa wakirushiana, kisha nyuso za watu, kisha nywele za Fiona. Mzee anamweleza kwamba anaanza kuona wekundu. Kiingereza kinaweza kuyafuta majina ya rangi na kuviacha vitu salama. Kiswahili hakiwezi. Sisi tuna rangi tatu tu zenye mizizi ya kivumishi inayochukua upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi za zilizobaki tumezitoa katika vitu. Kijani ni jani, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda lake, na chungwa vivyo hivyo. Mtawala wa Kiswahili anayetaka kufuta rangi ya kijani angelazimika kufuta na majani! Hilo ni tatizo kubwa kwa mfasiri, ambaye atajikuta anataja rangi kila anapotaja mti. Lakini kuna bahati nzuri: rangi ya kwanza anayoiona Jonas ni nyekundu, mojawapo ya zile tatu. Kivumishi kilichopotea kinarudi kikiwa na viambishi vyake, jekundu kwa tofaa, nyekundu kwa nywele, na kijana anayejifunza kuona anajifunza pia kupatanisha.

Jina la mzee nalo linasumbua. Jonas anapochukua cheo cha Mpokezi, mzee anamwambia amwite kwa kazi yake mpya, ya kutoa. ‘Mtoaji’ ni sahihi na ni baridi; ndilo neno ambalo jamii ile ingelichagua. ‘Mpaji’ ni bora, lakini mpaji kwetu ni Mungu, na atakayelitumia ataongeza tabaka la kidini ambalo kitabu hakina kwa uwazi. Kwa upande wangu ningelichagua hata hivyo. Mzee huyu anatoa kitu ambacho mtoto hawezi kukirudisha, na hiyo ndiyo tofauti ya kupa na kutoa. Somo wa jando hufanya kazi iliyo karibu na hiyo: humtenga kijana, humpa siri na maumivu, humkataza kuzisema. Ila somo humrudisha mwali wake katika jamii inayojua alikotoka. Jonas anarudi nyumbani kila jioni kwa watu wasiojua chochote, akiwa na karatasi ya masharti ambayo sharti lake la mwisho linamruhusu kusema uongo. Mara anawaza: je, na wengine wote walipewa ruhusa hiyo walipotimiza miaka kumi na miwili? Sijui swali jingine katika fasihi ya vijana linaloangusha nyumba nzima kwa pigo moja namna hii.

Si ajabu kwamba wazazi wengi wa Marekani walikilalamikia kitabu hiki na kutaka kiondolewe shuleni katika miaka ya 1990. Walikuwa wasomaji wazuri kuliko walivyofikiriwa.

Yafaa hapa kumkumbuka Katama Mkangi, maana mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakina riwaya ya namna hii. Walenisi ilitoka mwaka wa 1995, miaka miwili baada ya The Giver. Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, anajikuta katika sayari yenye jamii ya haki na usawa, na jina la mahali hapo likifunuliwa linasema ‘wale ni sisi’. Mwelekeo ni kinyume cha Lowry. Kwa Lowry kijana anazaliwa ndani ya ukamilifu, kisha anagundua uoza. Kwa Mkangi uoza ni nyumbani, unajulikana na kila mtu, hauhitaji mzee wa kuufunua. Kinachohitajika ni mahali pa kusimama ili mtu auone kuwa si lazima. Naona tofauti hii inatokana na historia zaidi kuliko vipaji. Mkangi aliwekwa kizuizini mwaka wa 1986, bila kesi, chini ya sheria iliyojiita ya kuhifadhi usalama wa umma. Mtu aliyehifadhiwa namna hiyo hana haja ya kubuni jamii inayocheza na maneno. Hata hivyo Walenisi, kwa heshima zote, inahubiri mno. Wenyeji wa sayari ile wanajibu kila swali, na msomaji kijana huchoka kabla ya Dzombo. Lowry anajua kunyamaza. Ukurasa wake wa mwisho hausemi kama Jonas na mtoto aliyembeba wamefika au wamekufa katika theluji. Ni masikitiko yangu kwamba vitabu vilivyofuata, hasa Messenger cha mwaka wa 2004, vilimjibu kila aliyeuliza.

Nimeliacha mwisho neno lililonifanya niandike makala haya. Katika jamii ya Jonas watu hawafi, isipokuwa kwa ajali za nadra. Wazee, waliovunja sheria mara tatu, watoto wachanga wasiokua vizuri, na yule aliye mwepesi kati ya mapacha wanaofanana, wote hao ‘hutolewa’, kwa neno la Kiingereza ambalo hutumika kwa mfungwa, kwa ndege wa kizimbani na kwa pumzi. Baba yake Jonas, mtu mpole kuliko wote kitabuni, ni mlezi wa watoto wachanga. Jonas anaonyeshwa picha zilizorekodiwa asubuhi ile: baba anampima pacha, anamdunga sindano katika mshipa wa kipaji, anamuaga kwa sauti ya kubembeleza, anamtia katika shimo la taka.

Niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu walitafute neno hilo. Wengi walileta ‘kuachiliwa’, lakini hilo lanuka jela, na msomaji atashuku mapema. ‘Kupumzishwa’ ni baya zaidi, maana kupumzika kwetu ni kufa tayari. ‘Kuaga’ linamtwisha marehemu kitendo ambacho hakukifanya. Mwanafunzi mmoja, ambaye mama yake ni muuguzi, alisema: ‘kuruhusiwa’. Darasa zima likanyamaza. Ndilo neno la wodini. Mgonjwa ameruhusiwa, jamaa wanakuja na nguo safi, wanamchukua nyumbani. Hakuna neno lenye furaha kubwa zaidi katika hospitali zetu, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna linalofaa zaidi.

Kisha yakaja mabishano ambayo hatujayamaliza. Kiingereza kinaweza kukitaja kitendo kwa nomino na kumficha mtendaji. Nasi twaweza, maadamu tunasema ‘kuruhusiwa’. Lakini baba anapoulizwa na mwanawe kama alimtoa pacha yule, atajibu vipi? ‘Nilimruhusu.’ Yumo yeye katika ni-, na yumo mtoto katika -m-, katika ngeli ya watu. Mwanafunzi yule yule akauliza kama jamii hiyo isingekuwa na njia ya kukwepa. Watoto wachanga kwao hawana majina hadi siku ya sherehe. Wana namba tu. Gabriel, mtoto ambaye Jonas atatoroka naye, ni namba 36. Je, mfasiri hawezi kuwatia wote katika ngeli ya KI-/VI-, kama wazee wanavyosema ‘kitoto kile kinalia’? Basi baba angesema ‘nilikiruhusu’ bila kutetereka. Lakini baba huyo huyo, mapema katika hadithi, anachungulia orodha kinyume cha sheria na kuanza kumwita mtoto kwa jina lake, akitumaini kwamba litamsaidia kukua. Hapo, alisema mwanafunzi, kiambishi kingebadilika kutoka ki- hadi m-, na msomaji makini angeona, hata kama baba mwenyewe haoni.

Mwenzangu mmoja anayefundisha sarufi anapinga: asema udogo wa kitoto hauondoi uhai wake, na upatanisho wa a- ungebaki. Ametoa mifano ya kutosha kutoka Lamu na Mombasa. Mimi nasimama na mwanafunzi.