Mnyang'anyi Anayetoweka: Msuko wa *Black Panther: Wakanda Forever*

Kifo cha Chadwick Boseman mwaka 2020 kilimwachia Ryan Coogler tatizo la kimsuko: kuendeleza hadithi isiyo na shujaa wake. Filamu hiyo ya mwaka 2022 inalikabili kwa kuufanya msiba kuwa kichocheo cha matendo. T'Challa anafariki mwanzoni kabisa, na kifo cha Malkia Ramonda baadaye kinageuza huzuni ya Shuri kuwa kisasi. Uzi huu umesukwa kwa ustadi.

Udhaifu umo katika uzi wa pili. Mgogoro unaanzishwa na mataifa yenye uchu wa vibraniamu: kituo cha Wakanda nchini Mali kinashambuliwa, Ufaransa inaumbuliwa mbele ya Umoja wa Mataifa, na meli ya Wamarekani inayasaka madini hayo chini ya Atlantiki. Hata hivyo, kwenye kilele wanaouana ni Wakanda na Talokan, jamii mbili zinazowindwa kwa sababu ileile, na Ufaransa haionekani tena. Kwa mtazamaji wa Bujumbura, anayeiona milima ya Kivu Kusini ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kunakochimbwa dhahabu na koltani, mpangilio huo si mgeni: majirani wanapigana, mnunuzi hayumo kwenye picha.

Filamu yenyewe yaelekea kulitambua pengo hili. Baada ya kusalimu amri, Namor anamweleza Namora kwamba ulimwengu wa nchi kavu utaibana Wakanda, nayo itaigeukia Talokan. Kauli hiyo moja imebebeshwa kazi iliyostahili kufanywa na theluthi nzima ya mwisho.